Wimbo wa Harusi kwenye Pipa la Tisa

"Huu sio wimbo wetu."

Mama Lebo aliiweka glasi mezani, akaisogeza mbali kwa kidole kimoja. Mumewe, ambaye kiwanda kizima cha mvinyo kinamwita Fundi Pipa, aliichukua, akaizungusha, akaipeleka puani, akapiga funda moja.

"Ni uleule."

"Fundi, nakwambia sio."

"Pipa la saba. Nimelichagua kwa mkono wangu."

"La saba linaingia polepole, linakaa, halafu ndio linaongea. Huu umeingia unapiga kelele tangu mlangoni."

"Basi ulimi wako umechoka."

"Nimechoka mimi. Ulimi hauna shida."

Fundi aligeuka kuzitazama chupa, mia sita, zimepangwa kwenye makreti chumba kizima, kila moja na lebo mpya kifuani. Siku hizi hivyo ndivyo walivyokuwa wakimaliza maongezi: mmoja anageuka, mwingine anabaki anatazama mgongo.

Kiwanda kile hakikuupa mvinyo jina la zabibu wala la mwaka. Fundi akimaliza kuutengeneza, aliutungia wimbo wa gitaa usio na maneno. Mkewe aliunywa mvinyo huku akiusikiliza wimbo, kisha akachora alichokisikia, na mchoro huo ndio uliokuwa lebo. Mvinyo kwanza, wimbo wa pili, rangi mwisho; kanuni hiyo waliitunga wenyewe walipokuwa wachumba, na hawakuwahi kuivunja. Wateja nao walizoea. Utawasikia dukani, "nipe ule wa filimbi," "nipe ule wa ngoma tatu."

Wimbo mmoja tu ndio uliokuwa haujapata chupa, ule alioupiga Fundi siku ya harusi yao. Mwenye kiwanda aliuomba mara ngapi sijui. Kila mara Fundi alijibu hivyo hivyo:

"Huo unasubiri mvinyo unaofanana na mke wangu."

Ulisubiri miaka kumi na mmoja. Mwaka huu pipa la saba lilipoiva, Fundi akampelekea mkewe glasi, akachukua gitaa, akaupiga bila kusema neno. Mama Lebo alichora huku machozi yanamdondokea kwenye rangi. Alichora gitaa lililoegemezwa kwenye kiti, nyuzi zake zimerefuka hadi zikawa mistari ya bluu inayotoka nje ya karatasi.

Na sasa lebo hiyo imebandikwa kwenye mvinyo mwingine kabisa, na mwenye wimbo ameunywa na kusema ni uleule. Usimlaumu mwanamke kwa kilichomchoma.

Fundi alipotoka kwenda kuwaita wapakiaji, simu yake ilibaki mezani. Ikatetemeka. Mama Lebo hakuwa mtu wa kupekua simu za watu, lakini kioo kiliwaka mbele ya macho yake, na jina lilikuwa la Binti wa Maabara, yule msichana mpya anayepima mvinyo kwenye vichupa.

"Samahani sikuwepo siku ile uliponihitaji. Kesho saa nne njoo kama kawaida, kabla mama hajafika. Siri yetu iko palepale."

Aliusoma ujumbe huo mara mbili. Kitu cha ajabu ni kwamba hakushtuka. Alihisi tu miguu mizito, kama ya mtu aliyepanda ngazi nyingi akafika juu na kukuta mlango umefungwa.

Alitoka nje, akampigia wifi yake, dada mkubwa wa Fundi.

"Wifi, mdogo wako ana mwanamke."

"Nani? Huyu huyu?" Wifi alicheka hadi akakohoa. "Huyu hata soksi hapati mbili za kufanana, mwanamke wa pili atampatia wapi?"

"Sichekeshi, wifi. Nimesoma kwa macho yangu."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Mwaka mzima nyumbani kwangu naishi na kabati. Navaa marashi, haoni. Nilisahau sufuria jikoni, chakula kikawa mkaa, alikila chote akasema asante. Mtu anayekupenda atagomba walau."

Wifi aliacha kucheka. "Hata hapa kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Wiki iliyopita nimerudi dukani nakuta sufuria imeungua mpaka jirani kaja kugonga, mdogo wangu amekaa sebuleni, ananisimulia habari za mapipa. Nikasema huyu mawazo yamemzidi."

"Ndio hayo mawazo yenyewe, wifi. Yanavaa koti jeupe."

Alikata simu. Kulikuwa na ujumbe mwingine kwenye simu yake, wa wiki mbili, ambao hajaujibu. Kiwanda kingine, safari ya siku nzima kutoka pale, kilikuwa kinamtaka akawachoree lebo. Aliandika: "Nimekubali. Jumatatu nitaripoti." Akautuma kabla vidole havijabadili nia.

Kesho yake saa nne kasoro dakika tano, Mama Lebo alikuwa nyuma ya mlango wa maabara. Njia nzima alikuwa amepanga matusi kwa mpangilio, mepesi kwanza, mazito mwisho. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Akasikia sauti ya yule binti.

"Moshi kidogo. Halafu zabibu kavu. Chini yake kuna udongo uliolowa."

"Udongo wa mvua ya kwanza," sauti ya Fundi ikauliza, "au wa bustani iliyomwagiwa maji?"

"Fundi, udongo ni udongo."

"Sio, mwanangu. Nusa tena. Taratibu."

"Sijui kuutofautisha. Wewe unaukumbuka vipi?"

Mama Lebo alichungulia. Mumewe alikuwa amekaa kwenye stuli, daftari magotini, penseli mkononi, macho amefumba. Binti amesimama upande wa pili wa meza, pua ndani ya glasi.

"Naukumbuka tu," alisema Fundi. "Ndio ninachofanya. Nakumbuka."

Matusi yote yakamtoka kichwani. Sufuria iliyoungua. Marashi. Ile glasi ya jana aliyoizungusha kwa madaha na kuipeleka puani. Akausukuma mlango.

"Tangu lini?"

Penseli ilianguka. Binti aliruka nyuma.

"Mama, samahani, mimi nilimwambia akuambie, kila siku namwambia…"

"Wewe kaa. Nilikuja kukuvua wigi, sasa sijui nikufanye nini." Akamgeukia mumewe. "Nimeuliza tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Homa ya mwaka jana?"

"Miezi kumi na nne. Homa ilipona, pua haikurudi. Sisikii harufu yoyote. Nikinywa najua kitu kichachu, kitu kitamu, basi. Mengine yote ni maji yenye rangi."

"Na la saba?"

Fundi aliinamisha kichwa. "La saba alinisimulia huyu binti, nikakutambua wewe humo. Halafu walihamisha mapipa kukarabati sakafu. Namba za chaki zikafutika. Siku ya kujaza chupa huyu binti alikuwa likizo, nikaona aibu kumuuliza mtu mwingine. Nikakisia."

"Ukakisia wimbo wetu."

"Nilikisia."

"Badala ya kuniuliza mimi, niliyeunywa?"

"Hasa wewe," alisema Fundi. "Fundi wa mvinyo asiye na pua ni nani? Ulimpenda yule aliyekuwa ananusa glasi akakuambia mvua ilinyesha mwezi gani. Niliogopa ukijua hayupo, nawe hutakuwepo."

Mama Lebo alitaka kumhurumia na kumpiga, vyote kwa pamoja, na nguvu za kufanya hata kimoja hakuwa nazo. Alivuta kiti akakaa.

"Mwaka mzima nilidhani nimechuja," alisema. "Unajua mwaka ni siku ngapi za kujitazama kwenye kioo?"

Fundi aliinama kuokota penseli. Jibu la swali hilo halipo.

Mwenye kiwanda, mama mmoja mnyoofu asiyependa maneno marefu, aliwasikiliza ofisini wote wawili wakiwa wamesimama. Alimaliza kusikiliza, akavua miwani.

"Lebo hizo zibanduliwe, na azibandue aliyekosea. Lori linakuja Ijumaa. Hilo la kwanza. La pili, siwezi kuuza mvinyo usionuswa na mtu, na binti bado mchanga. Kitabu cha mapipa kinataka saini ya pua moja ninayoiamini. Nani?"

Fundi alitazama sakafu. Alikuwa ameshajua, nadhani, kwamba kazi imekwisha.

"Yangu," alisema Mama Lebo.

Hata yeye alishtuka kulisikia neno hilo. Jumatatu ilikuwa imebaki siku tano.

Walibandua pamoja, kwenye chumba cha kuoshea. Karai la maji ya moto na magadi, chupa kumi kumi, subiri karatasi ilainike, kisha kwangua kwa mgongo wa kisu. Hakuna kazi inayochosha kama kuliharibu mwenyewe jambo ulilolitengeneza kwa mapenzi. Nyuzi za bluu zilijikunja chini ya visu vyao na kuzama ndani ya karai. Chupa ya mia na kitu hivi, simu ya Mama Lebo iliita, na kwa kuwa mikono ilikuwa na maji aliipokea kwa sauti ya nje.

"Habari yako, dada mchoraji? Tumekuandalia meza karibu na dirisha. Jumatatu tunakungoja."

Kisu cha Fundi kilisimama.

"Nisamehe sana, kaka," alisema Mama Lebo. "Nilikubali kwa haraka. Sitakuja."

"Kuna tatizo?"

"Lipo. Ndilo linalonibakiza."

Simu ilikatika. Maji yalikuwa yanapoa.

"Ulikuwa unaondoka," alisema Fundi.

"Nilikuwa nimeshaondoka. Mwili tu ndio uliokuwa unakuja kazini."

"Na sasa?"

"Sasa nimekasirika, Fundi. Usidhani nimekusamehe kwa sababu nimebaki. Pua sikulaumu, pua ni maradhi. Nakulaumu kwa kunizungushia glasi usoni ukaniambia ulimi wangu umechoka."

"Nilikosa, mke wangu. Nilikosa kabisa."

"Kukwangua kwako nako ni kubaya. Shika kisu hivi."

Akamwonyesha. Vidole vyao vikagusana ndani ya yale maji machafu, na hakuna aliyeutoa mkono haraka.

Jioni walirudi nyumbani na chupa moja isiyo na lebo, ya mvinyo ambao binti wa maabara alikuwa ameupima na kuutambua kuwa wa pipa la tisa. Mia sita zilikuwa zinasubiri uso. Mama Lebo alibandika sufuria jikoni, akaandaa karatasi na rangi kwenye meza ya sebuleni. Fundi alikuwa ameshika gitaa bila kulipiga.

"Siwezi kukitungia wimbo kitu nisichokijua."

"Basi nitakunywa mimi, nikwambie, wewe upige, mimi nichore."

"Kanuni yetu sio hiyo."

"Kanuni yetu ilikuwa na watu wawili. Mmoja akaiacha akaenda kukaa maabara." Alipiga funda, akafumba macho. "Huyu ni mtu aliyechelewa. Anapanda ngazi mbilimbili."

Fundi alijaribu nyuzi mbili. "Hivi?"

"Haraka zaidi. Hajachelewa kazini, kachelewa kwa mtu anayemwogopa kidogo."

"Hivi?"

"Hapo hapo. Sasa amefika mlangoni. Anahema."

Vidole vya Fundi vilikimbia, vikasimama, vikaanza tena kwa pumzi fupifupi. Mama Lebo alichovya brashi kwenye rangi ya machungwa. Zikatokea ngazi zilizopinda kama kinanda kilichovunjika, na juu kabisa mlango, umefunguka kidogo tu. Haikuwa furaha, niseme ukweli. Walikuwa kama wagonjwa wawili wanaofundishana kutembea.

"Na wimbo wetu?" Fundi aliuliza alipomaliza.

"Ukae na pipa lake. Nitalitafuta mwenyewe kesho, kwa pua yangu. Umesubiri miaka kumi na mmoja, hauna haraka."

Kisha alisimama ghafla. "Mungu wangu, sufuria!"

Alikimbia jikoni. Chakula kilikuwa kimeshika chini, moshi umejaa mpaka darini. Alisimama pale na mwiko mkononi, akawa hana hata nguvu ya kufungua dirisha. Fundi alikuja nyuma yake, akautazama moshi ambao hakuusikia.

Mwaka mzima, hapa ndipo alipokuwa anakaa mezani, anakula, anasema asante. Safari hii aliuliza:

"Niambie ukweli. Kimeungua?"

"Kimeungua."

"Sana?"

"Sana, mume wangu."

Fundi alifungua dirisha, akatoa sahani mbili kabatini.

"Pakua," alisema. "Halafu kaa hapa karibu, uniambie kinanukiaje."