Maziwa ya Adhuhuri

Mtoto alikataa ziwa. Balaa liliingia nyumbani kwa Khairiya, pale Kengeja, kwa jambo dogo kama hilo, bila kishindo wala kelele. Ilikuwa mchana wa Jumatatu, adhana ya adhuhuri imeshaisha. Khairiya akamtwaa mwanawe wa siku thelathini na tatu, akampa ziwa, na mtoto akafumba mdomo akageuza uso. Matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma. Mtoto naye tumbo limemtuna kama aliyetoka karamuni. Akamweka begani, akampigapiga mgongo, mtoto akacheua maziwa. Khairiya akayanusa. Yalinuka mwani mbichi.

"Joto tu hili," akajisemea, akachukua simu.

Ah, hiyo simu! Tuseme kweli, maana hapa hakuna wa kumsitiri. Khairiya alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, na watu elfu nne wakimfuata. Akikaanga samaki, wanamwona. Akifagia, wanamwona. Mumewe Mbarouk akiondoka asubuhi kwenda dukani kwake Mkoani, watu asiowajua wanajua keshatoka na atarudi saa ngapi. Na kila jioni, baada ya magharibi, huketi ukumbini na simu yake mpaka isha, akirusha mazungumzo moja kwa moja, anacheka, anajibu salamu za watu wasio na sura.

Mkwewe, Bi Mwanawema, alikuwa mkali kama pilipili mbuzi, na kwa hili alikuwa na haki yake. Pale kwao mtoto hajatimiza arobaini haonyeshwi ovyo. Tena jina lake halitajwi pamoja na la mamake mbele ya mtu asiyejulikana, kwa kuwa kwa majina hayo mawili mtu hupigiwa nyota, akatafutwa popote alipo.

"Mlango tumeutia pazia, Khairiya," bibi alisema. "Ajaye hapa apiga hodi, na asipojibiwa arudi kwao. Hao wa kwenye simu hodi wapigia wapi?"

"Mama nawe! Wenzangu tu hao, twapiga soga."

"Haya. Asosikia la mkuu huvunjika guu. Miye nimenyamaza."

Jumanne mtoto akakataa ziwa la mchana. Jumatano vile vile. Alhamisi Khairiya alikuwa jikoni anakuna nazi aliposikia, kutoka chumba cha nyuma, mlio wa mtoto anayenyonya. Kifuu cha nazi kikamponyoka. Bibi yuko uani, Mbarouk yuko dukani, nani basi yuko na mtoto?

Akanyata hadi mlangoni akafunua pazia kidogo kwa kidole, na mtoto alikuwa hewani, shibiri moja juu ya kitanda, amelala upande kama aliyepakatwa, shavu limebonyea kwenye kitu kisichoonekana, koo linapanda na kushuka linameza, na ukingo wa godoro umedidimia kama ulivyo ukingo wowote uliokaliwa na mwanamke mnene, na maziwa yanadondoka tone moja moja sakafuni kutoka pasipo na mtu, na chumba kizima kinanuka mwani uliofukuliwa pwani, na juu ya hayo yote kuna sauti nyembamba inaimba wimbo wa kumbembeleza mtoto alioutunga Khairiya mwenyewe akaurusha mtandaoni, neno kwa neno, pamoja na kile kikohozi alichokohoa katikati.

Akapiga ukelele. Mtoto akateremshwa taratibu, kwa adabu kabisa, akafunikwa kanga. Godoro likainuka. Dirisha likafunguka, likajifunga.

Bi Mwanawema hakupiga kelele. Alijitanda buibui, akamfuata Maalim Matano, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa pia tabibu wa mambo haya. Maalim alikuja, akanusa nepi, akatazama sakafu. Khairiya alidhani ataomba ubani na chetezo. Akaomba simu.

"Nani alokuwa akikuuliza habari za mtoto?"

Alikuwako mmoja, hana picha, anajiita Jirani. Maalim akavaa miwani akasoma kwa sauti, na kila neno lilimwingia Khairiya kama mwiba.

"'Mashallah, mtoto aitwa nani?' Umejibu, 'Manar.' 'Na mamake?' Umejibu, 'Ni mie Khairiya.' 'Kazaliwa lini?' 'Jumatano, alfajiri.' 'Alala wapi?' 'Chumba cha nyuma, dirisha halina komeo, apata upepo mzuri.' 'Natamani nije nimpakate.'" Maalim akavua miwani. "Na hapa umejibu, 'Karibu wakati wowote, dada, nyumba ni yako.'"

"Maalim, ni maneno ya watu tu hayo! Nani asosema karibu?"

"Miye humwambia mtu ninayemwona. Huyu ni jini Muislamu, mwanangu. Haingii pasipo idhini, na idhini umempa kwa maandishi. Mtoto amekataa ziwa mara ngapi?"

"Mara nne. Jumatatu mpaka leo."

Maalim akahesabu vidole, akahesabu tena. "Sharia waijua. Mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano, za kushiba, yule ni mamake wa maziwa. Kesho ni ya tano, na kesho ni Ijumaa, wanaume wote tuko msikitini, na yeye ajua, kwani umeshamwambia. Toka adhana ya kwanza mpaka turudi, mtoto asitoke kifuani mwako. Usifungue mlango, usiitike mtu."

Jioni ile Khairiya aliufuta ukurasa wake wote, picha kwa picha, machozi yanatiririka juu ya kioo. Mbarouk akapigilia misumari dirishani.

Ijumaa ikafika. Khairiya na mkwewe wakajifungia chumbani. Ikaadhiniwa, na Khairiya akampa mwanawe ziwa. Mtoto akalishika! Akanyonya kwa pupa, kakunja vidole. Khairiya akalia kwa furaha. Bi Mwanawema, tasbihi mkononi, akasema kwa kunong'ona, "Alhamdulillahi. Mshike hivyo hivyo."

"Khairiya, nifungulie, nimesahau kofia." Sauti ya Mbarouk. Hakuitika.

"Khairiya, nina kiu." Sauti ya Bi Mwanawema, ambaye alikuwa hapo ubavuni mwake, mdomo umefumba. Hakuitika.

Harufu ya mwani ikapita chini ya mlango, na sauti ya tatu ikaja, ya mwanamke mtu mzima, mpole, aliyesoma.

"Assalamu alaykum, Khairiya. Usijisumbue. Sikuja kunyonyesha leo. Weye wahesabu mchana tu, mwenzangu, na zile jioni je, ulipokuwa ukumbini wacheka na watu mpaka isha, ukawaambia mwanangu kalala wala simsikii, ulidhani nani alimbembeleza, nani alimpa alipoamka na njaa akakuita na weye huku unasoma salamu? Tano zilitimia zamani. Michana hii yote nilikuwa nakuonyesha tu, ujue tumekuwa wawili."

Bi Mwanawema aliacha kuvuta tasbihi. Alimtazama mkaza mwanawe kwa chuki tupu, wala hakuificha.

Wanaume waliporudi, Maalim alisema na yule jini faraghani, na alipomaliza Khairiya alimwangukia miguuni. "Mtoe, Maalim! Mfukize, msomee, mtoe!"

Maalim alisimama na chetezo kisichowashwa. "Jini n'ngemtoa. Nimeshawatoa wagumu kuliko huyu. Lakini mama wa mtu simtoi, Khairiya. Hana haki ya kumchukua, hilo nimemkatia, naye kakubali. Kumwona mwanawe hamwezi kumzuia. Mkimdhulumu, nyumba hii haitabaki na mtu."

Basi ikawa hivyo. Kila adhuhuri watu wa nyumba hutoka chumba cha nyuma, na Khairiya hukaa jikoni amefunga mikono, anasikia mwanawe akicheka na asiyemwona. Simu aliiuza. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, wala hakuna aliyemhurumia.

Alipotimiza miezi kumi, asubuhi moja, Manar alisema neno lake la kwanza. Khairiya alikuwa kampakata, uso kwa uso, anamlisha uji. Mtoto akatazama juu ya bega la Khairiya, akanyoosha mikono yote miwili, akasema, "Mama."

Na nyuma ya Khairiya mtu akaitika, "Naam, mwanangu."