Usimwoshe Samaki Mgonjwa

Uvumi ulimganda mama kama kupe: eti kaka yake anavua kwa sumu, ndiyo maana samaki wana vidonda. Aliusikia bombani, akausikia dukani. Asubuhi hiyo, alipokuwa akipanga samaki mezani sokoni, mteja wake wa miaka yote akampita ameziba pua.

"Hata salamu?" mama alifoka.

"Salamu chukua, shoga yangu. Samaki wa kaka yako kula mwenyewe!"

Mama alichemka. Wavuvi walikuwa wameapa kwamba ikithibitika ni sumu, kaka yake atafukuzwa pwani. Ndiyo maana alfajiri alimtuma bintiye, waliyemwita Chiriku kwa kupenda maneno, achukue samaki mgonjwa kwa mjomba na kumpeleka kwa daktari wa samaki. Daktari alikuwa amesisitiza: awe ametoka majini sasa hivi, mzimamzima, ndani ya barafu.

Mara daktari akatokea na bakuli, Chiriku nyuma yake.

"Mama, nilitaka mgonjwa, umeniletea kitoweo! Kaparwa, katumbuliwa, kasuguliwa chumvi. Figo ndiyo ninayoipima, na imetupwa. Nani kafanya hivi?"

"Mjomba," Chiriku alidakia.

Wateja wakapigana viwiko. "Mnaona? Anaficha ushahidi!"

Mama aliacha meza, akamkokota Chiriku mpaka pwani. Mjomba alikuwa akishona wavu.

"Kaka, umenivua nguo mbele za watu! Umemwoshea nini yule samaki?"

"Nimwoshe mimi? Nilimpa mtoto akiwa bado anatapatapa! Muulize."

Chiriku, msemaji wa nyumba, alirudi hatua moja, mkono nyuma.

"Lete huo mkono," mama aliamuru.

Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu, cha moto.

"Pezi lilinichoma nikimpara," alilia. "Niliona aibu, mama. Umenifundisha mtu hapelekewi samaki mchafu. Daktari alipogomba, nikaogopa."

"Ukaogopa, ukamtupa mjomba wako kwa fisi! Na kidole hiki ungekificha mpaka kikatwe?"

Mama alikuwa na hasira, na chini ya hasira, hofu. Alimpeleka hospitali kwanza. Kidole kiliposafishwa na dawa kutolewa, akamrudisha sokoni, akamsimamisha mbele ya wateja walewale.

"Sema."

Chiriku akasema yote, machozi yakimdondoka.

Mjomba akaleta samaki wengine wagonjwa, hawajaparwa wala kutumbuliwa. Daktari aliwapasua, akagusa figo za kila mmoja kwa sindano safi, akapaka kwenye visahani vya kuoteshea vijidudu. Baada ya siku chache vikaota vidoa vidogo, vya aina moja kila kisahani.

"Hawa ni bakteria," alitangaza. "Samaki wanaumwa. Na nilipopima sumu, sikuiona."

Mteja akarudi akichekacheka. "Shoga, nipunguzie bei basi."

"Kapunguze ulimi kwanza!"

Jioni mama alimketisha Chiriku.

"Usafi ni mzuri, lakini ukiagizwa kitu mzimamzima, kilete mzimamzima. Na ukikosea, kosa ni lako, libebe mwenyewe. Sasa nisikilize:

Usimpare wala kumtumbua samaki wa kupimwa.
Usimpeleke aliyeoza.
Usimshike samaki mwenye vidonda kwa mikono mitupu.
Usimuuze wala kumla.
Usifiche jeraha la pezi, hata likiwa dogo kama tundu la sindano.
Usisambaze usilolijua.
Na usimsingizie mtu ili wewe upone."