Kishindo Nyuma ya Mlango wa Zege

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu Wiebke, hapa hapa Darmstadt, Ujerumani, mchana kweupe. Kazi yake na wenzake wa maabara ni kuvipiga viini vya atomi, vilivyo ndani ya kipande kidogo wanachokiita shabaha, kwa mwanga mkali, halafu wanapima mwanga ambao viini vinaurudisha.

Siku hiyo zamu ya kukagua ukumbi wa mashine ilikuwa yake. Kabla mashine haijawashwa, lazima mtu apite kila pembe akiita, "Kuna mtu?" Wiebke alipita, akaita, kimya. Akaufunga mlango wa zege, akarudi chumba cha kuendeshea mashine.

"Haya, wachape hao viini!" mwenzake Henning akatania. "Wakilia, waambie wanyamaze."

Mwanga ulipowaka tu, kipaza sauti cha ukumbini kikaleta kishindo. Du! Du! Du! Ngumi, tena za hasira.

"Wiebke, umemfungia mtu!"

"Nimekagua kila mahali, wewe!"

Akaizima mashine. Vishindo havikukoma. Vilizidi, chuma kikalia, kitu kizito kikabamizwa ukutani hadi vikombe vya kahawa vikatetemeka mezani. Mlango ulipofunguka, kimya.

Hapakuwa na mtu. Matofali ya risasi, yale madini mazito lakini laini, yaliyojengwa kuizunguka shabaha, yalikuwa yametapakaa sakafuni. Moja lilikuwa limezama ukutani.

Henning alilichomoa, akaligeuza. Upande wa ndani, uliotazamana na shabaha ndogo kama kifungo cha shati, katika nafasi isiyomtosha hata paka, vilikuwa vimechapika vifundo vinne vya ngumi ya mtu mzima.