Mtangazaji na Fundi Friji

Jumamosi hiyo bustani ya baa kule Raskazone, Tanga, ilifurika watu. Mechi ilikuwa kwenye runinga, moshi wa mishikaki ulitanda hadi barabarani, na kila meza ilikuwa na bingwa wake wa kubishana. Bibiana alikaa pembeni, peke yake, kama ilivyokuwa desturi yake. Gauni lake la kitenge cha buluu lilimkaa vizuri mwilini, na miwani ya jua alikuwa ameipandisha kichwani. Mbele yake palikuwa na chupa ya saida, ile pombe nyepesi ya tufaha. Alipoionja, akakunja uso.

"Loveness!" alimwita mhudumu. "Hii saida au uji?"

"Nisamehe, dada. Friji limegoma. Fundi ndiye huyo."

Nyuma ya friji kikachomoza kichwa cha mwanaume mrefu mwenye shati la jinzi lililokunjwa mikono, bisibisi ameing'ata mdomoni. Akaitoa.

"Nipe muda kidogo tu, dada. Itapoa mpaka meno yalie."

"Mafundi wote ndivyo msemavyo."

Yule bwana akamkazia macho. "Hebu subiri. Hiyo sauti si ya Salamu za Jioni?"

Bibiana akacheka. Sauti yake ilijulikana kote, toka Ngamiani mpaka Mkwaja. Kila jioni watu walimpigia redioni ili awasalimie wake zao, shemeji zao, na majirani waliowakopesha jembe. Alipozima kipaza sauti, alirudi kwenye vyumba vyake viwili Ngamiani, na huko simu haikulia. Noa, mumewe, alikuwa amezikwa miaka minne iliyopita. Jamaa walimlilia pamoja naye, kisha kila mtu akarudi kwake.

Saida ya Jumamosi ndiyo iliyokuwa anasa yake. Hakuwa mlevi. Alipenda ule uchachu unaotekenya ulimi, utamu unaofuata nyuma yake, na makelele ya watu jirani. Alijua wapo waliomsengenya: mjane gani huyo, anakunywa peke yake mchana kweupe. Aliwasikia, akaendelea kunywa.

Friji likanguruma. Baada ya muda fundi akaja mezani na saida iliyotoka jasho, bia moja, na soda ya tangawizi. Akamimina bia nusu ya glasi, akaijazia soda.

"Haa! Mwanaume mzima unaizimua bia kwa soda?"

"Shandi hii. Onja kwanza, ndipo unisimange."

Bibiana akaonja. Tangawizi ilimchoma kooni, uchungu wa bia ukaja taratibu baadaye, kama mgeni anayebisha hodi.

"Mh! Kumbe."

"Kumbe nini?"

"Kumbe na ninyi watu wa milimani mna akili."

"Nani kakwambia natoka milimani?"

"Lafudhi ya Kishambaa haifichiki, kaka."

Naye akacheka mpaka watu wakageuka. "Kweli, natoka Amani. Naitwa Yona."

Toka hapo kila Jumamosi wakawa wawili. Walichanganya kila kilichochanganyika: bia na soda ya limau, saida na maji ya nanasi. Siku moja walitia saida ndani ya bia, ikafoka mpaka ikamlowesha Yona suruali, na Loveness akawatishia kuwapa kazi ya kupiga deki. Kipindi kilipokwisha jioni, simu ya Bibiana ikawa inalia.

"Mbona salamu zangu hukuzisoma leo?"

"Ulimtumia nani?"

"Mtangazaji."

"Mtangazaji hajisalimii mwenyewe, laazizi. Ataambiwa kapagawa."

"Basi nisalimie hapahapa. Nakusikiliza."

Naye humsalimia, polepole, kwa ile sauti ambayo redio haikuwahi kuipata.

Mambo mawili tu yalimkera. Yona hakuwahi kunywa glasi ya pili. Na akiulizwa habari za ndugu zake, hugeuza mazungumzo kama mtu aliyekanyaga moto. Bibiana aliyaona hayo, hakumdadisi.

Ndipo ikaja sherehe ya kumuaga Beatrisi, binti wa shangazi yake Yona aliyekuwa anaolewa. Ilifanyika ukumbini Muheza. Bibiana alishona gauni jipya la rangi ya zambarau, akasuka nywele, akavaa hereni alizozificha tangu msiba. Yona alimkalisha meza moja na mama yake, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliyeitwa Mama Laurenti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe hata uso ni mzuri kama sauti."

Bibiana akafurahi. "Na huyo Laurenti yuko wapi, tumsalimie?"

Mama akatazama meza. "Hayupo," Yona akajibu haraka.

Mhudumu akafika. "Dada unatumia nini?"

"Kama kuna saida ya baridi..."

"Hapana!" Yona alidakia, kwa sauti iliyowafikia hata wa meza ya pili. "Mletee soda. Na mimi soda."

Shangazi mtu akamtazama Bibiana toka kwenye nywele mpaka viatu. Bibiana aliinywa soda yake mpaka mwisho, akatabasamu alipotakiwa kutabasamu. Keki ilipokatwa alitoka nje, Yona akamfuata.

"Kama unanionea haya, ungeniacha nyumbani."

"Siyo hivyo, Bibi."

"Ni vipi basi? Niambie."

Yona akafungua mdomo, akaufumba. Ukumbini watu walipiga vigelegele.

"Nimekuelewa," Bibiana akasema, akashika njia ya stendi.

Simu ilianza kulia usiku uleule. Hakupokea. Ililia kesho yake, na keshokutwa, asubuhi na jioni; akaizima sauti, akawa anaitazama inavyotetemeka juu ya kitanda. Redioni aliendelea kusoma mapenzi ya watu wengine. Jumamosi akaenda Raskazone, akakaa pembeni kwake.

"Fundi wetu yuko wapi?" Loveness akauliza.

"Muulize mwenyewe."

Saida ilikuwa baridi, ladha ileile. Alikosa tu mtu wa kumwambia, onja hii. Akaiacha nusu, akaondoka. Hakuwahi kufanya hivyo hata mwaka ule wa msiba.

Wiki zikapita. Kisha simu ikaita kwa namba ngeni.

"Mwanangu, mimi Mama Laurenti."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu Yona ni bubu wa mambo ya moyoni, ndiyo maana nakupigia mimi. Uliniuliza Laurenti yuko wapi. Yuko hapa nyuma ya nyumba, amelala kaburini. Gongo ilimmaliza. Siku ile ya sherehe mwaka ulikuwa haujatimia."

Bibiana akakaa kitandani.

"Aliogopa nione glasi mezani, nilie mbele ya watu. Hakukuonea haya. Alikuwa ananilinda mimi, wala hakuniuliza kama nataka kulindwa. Sasa kaacha kazi zake Tanga, yuko huku ananitazama kama yai. Njoo, mwanangu. Mtu anazeeka nikimwona."

Jumapili baada ya misa Bibiana akapanda gari la Amani. Barabara ilijikunja msituni, ukungu ukabisha dirishani. Alimkuta Yona nyuma ya nyumba anang'oa magugu kaburini, ndevu zimemjaa, shati lile la jinzi limemning'inia mabegani.

"Nisimulie Laurenti," Bibiana alisema, kabla hata hajaulizwa habari za safari.

Yona akajifuta mikono. Akasimulia toka mwanzo: kaka aliyembeba mgongoni kwenda shule, kaka aliyemfundisha kushika bisibisi, na chupa ya kwanza waliyoinywa wakiwa wawili.

"Mimi niliweza kuishia glasi moja. Yeye hakuweza. Siku ya mwisho alinipigia. Nilijua amelewa, nikaiacha ilie. Akapiga tena, nikaiacha. Kesho yake nikaja kumzika."

Bibiana alikumbuka simu iliyotetemeka juu ya kitanda chake, na machozi yakamtoka.

"Nilipokuwa nakupigia," Yona akasema, "sikuwa na maneno. Nilitaka tu upokee."

"Nisamehe."

"Nisamehe na mimi. Ningekwambia."

Wakang'oa magugu pamoja, mpaka mama akawaita chai. Lakini gari la kushuka halikusubiri mtu. Bibiana alikuwa na kipindi kesho yake, Yona alikuwa na mama asiyeachika. Waliagana barabarani wakashikana mikono kama watu wa kanisani, kwa kuwa majirani walikuwa wanatazama.

Alipofungua mlango Ngamiani, jua lilikuwa linazama. Simu ikalia. Akaipokea.

"Umefika?"

Tangu Noa aondoke, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Nimefika."

"Bibi, nikimtuma mshenga, mtampokea?"

"Tutaishi wapi, Yona? Wewe uko juu, mimi niko chini."

"Sijui bado."

"Na mimi sijui."

Bibiana akatazama ndani. Taa ilikuwa haijawashwa, na vyumba vilikuwa vitupu kama alivyoviacha.

"Mtume," akasema. "Atapewa kiti. Hayo mengine tutayahangaikia wote wawili."

Mtandao ukakwaruza, kisha sauti ya Yona ikarudi kwa hofu.

"Bibi? Upo?"

"Nipo," alisema. "Nipo, Yona."