Giza la Chini ya Ngazi

Asubuhi ile Nukta alifungua faili lake la rangi akakuta namba zimepungua. Jana yake aliandika ishirini na sita, ishirini, kumi na sita. Leo zilisomeka ishirini na tano, kumi na tisa, kumi na tano. Moja moja kwa kila namba, kana kwamba kuna mtu amepita akidokoa. Hakushtuka. Fundi wa programu akikuta kosa kwenye kazi yake humshuku kwanza aliyekaa kwenye kiti chake, na kwenye kiti chake alikaa yeye peke yake. Akazirudisha namba, akahifadhi, akaenda kuchemsha chai.

Jina la Nukta alibandikwa pale kazini, kwa sababu angeweza kumaliza siku nzima akisaka nukta moja iliyosahaulika, kisha akaja kuwasimulia wenzake kwa furaha ya mtu aliyepata mapacha. Ofisi yenyewe ilikuwa ya wachapaji. Kesi zikisikilizwa mahakamani zinarekodiwa, na wachapaji kumi na mmoja, spika masikioni, wanazisikiliza na kuziandika neno kwa neno kwenye programu aliyoitengeneza yeye. Mmoja wa wachapaji hao, meza ya tatu kutoka kwenye ngazi, alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Nukta alikuwa darasa la nne, na dada aliacha shule akaenda kupiga chapa ili mdogo wake asiache. Miaka yote hiyo ya kukodolea kioo ilikuwa imemharibu macho. Weupe wa skrini ulimchoma, machozi yakamtoka kutwa nzima, na makosa yakazidi kwenye kurasa zake. Mkuu wa ofisi alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi: makosa yapungue, la sivyo aende nyumbani akapumzike. Alilisema kwa upole, na upole ule ulimuuma Nukta kuliko kama angefoka.

Kwa hiyo Nukta akajitwisha kumtengenezea mandhari meusi, yaani programu ile ile, lakini ukurasa uwe mweusi na maandishi yawe ya rangi hafifu. Kwa maneno ni kazi ya nusu saa. Kompyuta huitambua rangi kwa namba tatu, na kadiri namba zinavyokuwa kubwa ndivyo mwanga unavyozidi; zote zikiwa sifuri unapata weusi tii. Alianza na huo, herufi zikawa zinarukaruka machoni. Akajaribu kijivu, akajaribu weusi wenye ubuluu, akajaribu rangi ya mkaa uliopoa. Kila mara dada alijifuta macho akasema bado, mdogo wangu, bado unauma.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana alimtafuta dada akamkosa, mwishowe akamkuta stoo, kile chumba kidogo chini ya ngazi kisicho na dirisha wala taa, amekaa juu ya boksi la karatasi na mlango ameurudishia. Alikuwa ametulia kama mtu aliyetua mzigo.

"Humu hapaumi," alisema. "Ungenipa weusi kama huu, ningefanya kazi hadi nizeeke."

Basi akampa. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mimi na wewe tusingelifanya, maana nani mwingine mwenye akili zake anapiga picha giza? Dada alipotoka, Nukta aliingiza mkono wenye simu mle stoo, akapiga. Picha akaipeleka kwenye kompyuta, akachukua kile kidude cha kunyonya rangi, ambacho ukikigusisha kwenye nukta yoyote ya picha kinakutajia namba zake. Picha ya gizani huwa na chengachenga, kila nukta na namba yake. Hii haikuwa hivyo. Pembe zote nne na katikati, kila alipogusa, ni ishirini na sita, ishirini, kumi na sita. Ilimpasa ajiulize. Badala yake alifurahi kwamba amepunguziwa kazi ya kuchagua.

Dada alifungua programu, akasema, "Ndio huu." Siku hiyo hakujifuta macho hata mara moja. Baada ya wiki kila mchapaji aliutaka weusi ule, na Redio, aliyekaa meza ya mkabala na dada na aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kugundua anazimiwa wapi, alitangaza kwamba hatimaye Nukta ametengeneza kitu chenye faida kwa binadamu.

Namba ziliendelea kushuka. Kila asubuhi moja. Alizirudisha na kesho yake akazikuta zimeshuka kuliko jana, kana kwamba hakuzigusa. Aliangalia kumbukumbu, ambako kila badiliko huandikwa pamoja na saa na jina la aliyelifanya, hakukuta badiliko lolote. Akalifunga faili kwa nywila anayoijua yeye tu. Zikashuka. Ukweli ni kwamba angeweza kuuondoa weusi ule wiki ya kwanza ile ile, na wazo hilo lilimjia, lakini kila alipomtazama dada akichapa bila chozi wala kosa, roho ilimwambia asubiri mwisho wa mwezi upite. Alimpenda dada yake, na aliogopa kumnyang'anya.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa ya maji yaliyofunikwa muda mrefu kwenye chombo, ikaanzia meza ya tatu, ikasambaa. Fundi bomba aliitwa, akakuta mabomba makavu, akaondoka akiwaangalia vibaya. Baada ya harufu ukaja mlio, ukucha ukigonga kioo taratibu, mara mbili, kimya, mara mbili. Mchapaji aliyeusikia alidhani ni kwenye rekodi, akavua spika, na mlio ukaendelea kutoka ndani ya skrini iliyo mbele yake. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mtu aliona aibu kuwa wa kwanza.

Aliyevunja ukimya ni Redio. Alikuja kwenye meza ya Nukta saa nne asubuhi, akavuta kiti karibu sana, akanong'ona. Kumsikia Redio akinong'ona kulitosha kumtia mtu baridi.

"Soma hapa," alisema, akamwekea ukurasa wa dada.

Ulikuwa ushahidi wa kesi ya mpaka wa shamba. Hakimu anauliza, wakili anapinga, shahidi anajibu. Halafu katikati, kwa mpangilio ule ule safi, pameandikwa: *Mwenye nyumba: Nani aliyeniletea watu wote hawa?*

"Nimeisikiliza rekodi mwenyewe," Redio alisema. "Pale hakuna anayeongea. Kuna kimya, halafu kuna mtu anavuta pumzi."

Nukta alisema dada atakuwa amechoka, wala yeye mwenyewe hakuliamini neno lake.

"Kwenye kurasa zangu yupo pia," Redio alisema. "Na mimi sikumwandika."

Siku ya kumi na sita namba ndogo kuliko zote ilifika sifuri, na Nukta akajipa moyo kwamba sasa imegonga mwamba, kwa kuwa chini ya sifuri hakuna rangi, hakuna kitu cheusi kuliko kukosa mwanga kabisa, na programu yake mwenyewe ilikuwa na kifungu cha kukataa namba yoyote ya chini ya hapo. Kesho yake akafungua faili akakuta hasi moja. Alitazama kile kistari mbele ya namba, akainua macho taratibu, akaona kwamba taa zote za ofisi zinawaka, tena mchana kweupe na mapazia yamefunguliwa, lakini mwanga unafika kwenye kingo za meza na kuishia hapo, haupandi, unanyonywa na vile vioo kumi na kimoja vilivyo wazi, na nyuso za wachapaji zilizopaswa kuangazwa na skrini zilikuwa zinafifia kuanzia mbele, pua kwanza, kisha mashavu, kisha macho, na wao wanaendelea kuchapa, na mlio wa ukucha sasa haukuwa mmoja, ulitoka kila meza kwa pamoja, mara mbili, kimya, mara mbili, na katika ule utusitusi mtu mmoja tu alikuwa ametulia kabisa, dada yake, spika zikining'inia shingoni, masikio matupu, vidole vikikimbia.

Alimwendea akamwambia dada inuka tutoke.

"Nyamaza, mdogo wangu," dada alisema. "Nasikiliza."

Nukta alirudi mbio akaufuta mstari ule wa rangi. Ulirudi. Akaufuta tena, ukarudi vidole vyake vikiwa bado juu ya vitufe.

Redio alikuwa na shangazi, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ya kushona magodoro na kutoa majini, na zote mbili alizifanya bila mbwembwe. Alifika mchana ule ule na nguo zake za kazi, pamba imemganda mikononi. Hakukubali kuketi. Alinusa skrini ya Nukta, akaomba asimuliwe, na Nukta akamsimulia yote, picha, kidude cha kunyonya rangi, na namba. Alipomaliza, yule mama alimtazama kama unavyomtazama mtoto aliyeangusha sahani.

"Ulipoingiza mkono mle ndani, ulipiga hodi?" alimuuliza.

"Ni stoo tu, shangazi."

"Kwako ni stoo. Kwake ni nyumbani. Umembomolea kuta, umemtandaza mezani kwa watu, kutwa wanamkodolea macho. Hata mimi ningekuja juu."

Alimweleza la kufanya. Weusi ule urudishwe ulikotolewa: Nukta aingie stoo na kompyuta ndogo, afunge mlango, apige hodi, aombe radhi, aufute mstari akiwa humo humo, kisha aifute na picha. Kwa kuwa programu zote zilisoma rangi kutoka faili moja, ungetoweka kwenye vioo vyote kwa wakati mmoja. Lakini kwa dakika hiyo asiwepo mtu yeyote anayeutazama. Kitu kinachoondoshwa hutafuta pa kupita, alisema, na jicho linalokitazama liko wazi. Redio akapewa kazi ya kuwatoa wachapaji wote uani. Nukta mwenyewe alimwendea dada, akainama sikioni kwake, akamweleza kila kitu, na dada akaitikia kwa kichwa, akamuuliza swali moja tu: baada ya hapo ukurasa utakuwa mweupe tena?

"Kwa muda," Nukta alisema. "Nitakutengenezea mwingine, nakuahidi."

Dada aliitikia tena.

Saa nane mchana Nukta aliingia stoo. Alifunga mlango, akapiga hodi kwa sauti iliyokwaruza, akaona aibu na hofu kwa pamoja. Harufu ya maji yale ilimjaa puani. Aliomba radhi kwa maneno aliyofundishwa na mengine yake mwenyewe, akasema alifanya kwa ajili ya dada yake, akaufuta mstari, na gizani nyuma ya shingo yake mtu akavuta pumzi, pumzi ndefu isiyokoma, ya mtu aliyekuwa ameibana kwa siku kumi na saba, na ilipokoma mstari haukurudi, wala uliposubiriwa haukurudi, na akaifuta picha, na harufu ikakatika kana kwamba mtu amefunika chungu. Lakini mle stoo hapakuingia kitu. Aliingoja dalili ya mwenye nyumba kurejea, ubaridi, mlio, chochote, akaona chumba kitupu chenye maboksi.

Alitoka. Alipopanda ngazi alikuta ofisi nyeupe pee, mwanga umerudi hadi uvunguni mwa meza. Kutoka uani alisikia sauti ya Redio ikianza kupanda, na wachapaji wakicheka kicheko cha watu walionusurika. Akapumua. Kisha akamwona dada amekaa kwenye meza ya tatu, uso kwa uso na ukurasa mweupe, anachapa.

"Dada, hukutoka?"

"Nilitoka na wenzangu. Nikarudi."

Nukta alisogea. Weupe wa skrini ulimwakia dada usoni na hakupepesa. Shangazi wa Redio alikuwa amepanda nyuma yake, akasimama mlangoni, na hakuvuka kizingiti.

"Mama," alimwita dada kwa heshima, "aliingia kwa nguvu?"

"Hapana," dada alisema. "Nilimwambia karibu."

Yule mama aligeuka akashuka ngazi. Nukta alimkimbilia, akamshika mkono, akamsihi kwa machozi, akasema huyo ndiye mzazi wangu, sina mwingine. Yule mama aliutoa mkono wake polepole. Alimwambia kwamba aliyevamia humtoa, ameshawatoa wengi, lakini mgeni aliyekaribishwa ana mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye wa kumtoa. Hakutaka malipo. Aliondoka akipukuta pamba mikononi.

Nukta alirudi juu kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Alivuta kiti akakaa karibu na dada. Ukurasa ulikuwa hauna kosa hata moja. Alimuuliza, kwa sauti ndogo, kama weupe haumchomi.

"Weupe upi?" dada aliuliza.

Aliacha kuchapa. Alinyoosha mkono bila kugeuka, akaupata uso wa mdogo wake moja kwa moja, akampapasa juu ya jicho kama alivyokuwa akimpapasa utotoni akiwa na homa. Kiganja chake kilikuwa na joto lile lile.

"Na wewe unakodolea vioo siku nyingi sana," alisema kwa upole. "Macho hayakuumi?"