Tofali Lenye Ufa

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Shangazi alikuwa mhandisi. Alikuwa akijaribu zege jipya la kujengea upya daraja la shuleni, ambalo mvua za masika zililipasua kila mwaka.

"Shangazi, mbona tofali hili lina ufa?"

"Nimelipasua makusudi. Ndani yake mna vijidudu vimelala. Vikipata maji, vinaamka na kutengeneza chokaa ya kuziba ufa. Wewe limwagilie kopo moja kila siku kwa wiki tatu, kisha tia alama kwenye karatasi."

Wiki ya kwanza hakukosa hata siku moja. Wiki ya pili mashindano ya kuruka kamba yakapamba moto. Chiriku akawa anaingia mbio, anatia alama, anatoka. Maji hagusi. "Kopo moja tu, nani atajua?" alijisemea.

Wiki tatu zilipotimia, msimamizi wa ujenzi alikuja akaliinamia tofali.

"Mama, ufa huu hapa, wazi kama mlango! Kesho naanza kumwaga zege letu la zamani."

Shangazi alihesabu alama zote ishirini na moja. Mabega yakamshuka. "Maji limepata. Basi zege langu halifai."

Chiriku aliwakumbuka watoto wa darasa la kwanza, wanavyoshikana mikono kuvuka lile daraja bovu.

"Shangazi, zege halina kosa. Maji nilimwaga wiki ya kwanza tu. Alama nyingine ni za uongo."

Msimamizi aliangua kicheko. "Kumbe vijidudu vilikufa kiu! Haya, nawapa wiki tatu nyingine."

Shangazi hakucheka. Alimkabidhi kopo na karatasi mpya.

Safari hii Chiriku alimwagilia kweli. Siku aliyougua homa aliacha nafasi tupu kwenye karatasi. Mwishowe mstari mweupe wa chokaa uliuziba ufa wote, na daraja likajengwa kwa zege lile. Masika yakaja, maji yakapita chini, watoto wakapita juu.

Siku moja, wakilitazama daraja, Shangazi alimwambia:

"Kuacha kumwagilia kulitupotezea wiki tatu. Lakini zile alama za uongo zingetupa daraja bovu kwa miaka mingi. Ukikosea mwanangu, sema mapema, tukiwa bado tunaweza kurekebisha."