Mlango Aliouacha Ogada

Siku hiyo ukumbi wa hoteli ulifurika wenye maduka ya dawa kutoka Nakuru, Molo, Njoro mpaka Gilgil, na wengi wao walikuwa na nyuso za wazazi walioitwa shuleni na mwalimu mkuu. Kanuni mpya zilikuwa zimewafikia. Kila duka lililoweka habari za wagonjwa kwenye kompyuta lilitakiwa kujisajili na kuzilinda, na mtu asiyehusika akizichungulia, mwenye duka aripoti ndani ya siku tatu. Asiporipoti, leseni yake iko mashakani.

Jebet alikuwa kwenye foleni ya chai, gauni la rangi ya haradali limemkaa vizuri, kompyuta ndogo ameilaza mkononi kama mtoto. Alikuwa akiibonyeza kwa kidole kimoja, nayo inamkataa.

"Umesahau password?" sauti ikauliza nyuma yake.

"Sijasahau. Ni yenyewe imenisahau."

"Jaribu Keringet, halafu moja, mbili, tatu."

Jebet akageuka. Aliona shati la samawati lililopigwa pasi, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, na tabasamu la mtu aliyezoea kukaribishwa.

"Na umejuaje?"

"Kadi yako imeandikwa Keringet Famasi, na duka liko Section 58, hapa Nakuru. Mtu anayebeba jina la kwao mpaka mjini hivyo, password yake haiwezi kuwa kitu kingine."

Jebet akaiandika, na kompyuta ikafunguka.

"Usiogope, daktari. Mimi ndiye nitawafundisha mchana. Nicodemus Ogada. Niite Nico."

Mchana ule Nico alisimama mbele akawaeleza mambo ya mitandao kwa lugha ambayo hata mzee wa Subukia aliielewa. Alisema siri ya mgonjwa ni kama nguo ya ndani: haianikwi barabarani hata kama ni safi. Watu wakacheka. Jebet alicheka kuliko wote, kisha akajishika mdomo.

Baada ya wiki moja Nico alikuja dukani kuweka sawa mitambo ya kompyuta. Mwajiri wake alikuwa kampuni ya vifaa vya hospitali, yaani vitanda, mashine za kupima presha na mitungi ya oksijeni, na kampuni hiyo ilikuwa ikiwasaidia wenye maduka kufuata kanuni mpya bila malipo. Alibadilisha nenosiri, akaweka namba za siri za kuingia kwa simu, akamfundisha Jebet na msaidizi wake Kui jinsi ya kutambua barua pepe za matapeli. Kazi ilipokwisha hakuondoka. Aliketi kwenye kiti cha wateja akila njugu mpaka wakati wa kufunga.

"Kwani kampuni yako haina ofisi?" Jebet akamtania.

"Inayo. Lakini haina wewe."

Mapenzi yao yalishika kama jiko la makaa, polepole halafu yote kwa pamoja. Jumamosi walipanda mlima Menengai na mahindi ya kuchoma, upepo ukimvua Jebet kitambaa cha kichwa na Nico akikikimbilia majanini. Asubuhi simu ya Jebet ililia kabla hajapiga mswaki.

"Daktari wangu umeamkaje?"

"Sijaamka. Unaongea na usingizi."

"Basi uambie usingizi kwamba nina wivu nao."

Nico alizaliwa hapa hapa Nakuru. Babu yake aliletwa na reli kutoka upande wa Kisumu, na familia haikurudi. Alikuwa akijifunza salamu za Kikalenjin ili asiaibike siku atakapopelekwa Keringet. Kila alipokosea, Jebet alimrekebisha akicheka, na moyoni alijua atampeleka.

Ndipo Mwalimu Kimaiyo alipokuja.

Huyu ndiye aliyemfundisha Jebet kusoma. Tangu afanyiwe upasuaji, mwalimu huyu mstaafu alisafiri kutoka Keringet hadi Nakuru kununua mahitaji yake, ili mtu wa kwao asijue. Siku hiyo alisimama pembeni, kofia mkononi, mpaka wateja wote wakaisha.

"Jebet, mwanangu. Nimekuja kukuuliza, si kukugombeza."

"Niulize, Mwalimu."

"Wakwe walikuja kuposa binti yangu. Tumekaa sebuleni, kibuyu cha maziwa ya mursik kinazunguka, simu yangu ikalia. Mke wangu akaipokea kwa spika, ndiyo kawaida yake. Msichana nisiyemjua akasema, mzee, tunajua unatumia mifuko ya mkojo, na sisi tunayo ya bei nafuu." Akameza mate. "Sebule nzima ilisikia. Mimi jambo hilo nimelitaja hapa tu."

Jebet alishika meza.

Mwalimu alipoondoka, Jebet alimpigia Nico. Hakutaja jina la mgonjwa wala ugonjwa. Alisema tu kwamba siri ya mteja mmoja imetoka dukani kwake.

"Pole, mpenzi. Mitambo yako niliikagua mwenyewe, ni mizima. Mara nyingi siri hutoka ndani. Mwangalie mfanyakazi wako."

"Kui? Kui yuko na mimi tangu nifungue."

"Hao ndio huzoea, wakaona kila kitu ni chao. Mimi nakuambia kwa sababu nakupenda."

Jioni ile Jebet alimuuliza Kui, na Kui akamtazama kana kwamba amemwagiwa maji.

"Sijasema kitu kwa mtu, madam."

"Ni mimi na wewe tu tunafungua hizo faili, Kui."

"Basi kama si wewe, unataka niseme ni mimi?"

Asubuhi yake Kui alikunja koti lake jeupe, akaliweka juu ya kaunta, akaenda. Hakulia. Ni Jebet aliyelia, akiamini kwamba analia kwa kusalitiwa na Kui.

Jumapili baada ya kanisa Nico alimpeleka kula samaki mjini, ili moyo wake utulie. Alivaa koti la kijivu ambalo Jebet hakuwahi kuliona, na alikuwa akigusagusa mfuko wake.

"Kula, daktari. Yule msichana usimfikirie tena."

"Namfikiria. Alikuwa kama mdogo wangu."

"Mdogo wako asingefanya hivyo. Mwalimu mzima, mtu wa heshima zake, anatangaziwa mifuko ya mkojo mbele ya wakwe? Hapana, Jebet. Ulifanya vizuri kumwacha aende."

Jebet aliweka kipande cha ugali kwenye sahani. Karibu nao familia fulani ilikuwa ikipiga picha, watu wakicheka.

"Nani amekuambia ni mwalimu?"

"Si ni wewe?"

"Sikusema mwalimu. Sikusema mkojo. Wala sikusema wakwe. Nilisema mteja."

Nico alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Angeweza kusema uongo, na Jebet, Mungu amsamehe, alikuwa akiomba aseme uongo mzuri.

"Mzee mwenyewe alipiga simu kwa kampuni kulalamika," Nico akasema kwa sauti ya chini. "Malalamiko yakaletwa kwangu."

"Na kampuni yenu ilimjuaje?"

Nico akakunja kile kitambaa.

"Nico. Ilimjuaje?"

"Niliacha njia ya kuingia. Kwenye mitambo yako, na ya wengine niliowasaidia. Naona wateja wananunua nini, napeleka ofisini. Waliniambia ni ya kujua soko tu, kwamba hakuna atakayepigiwa simu. Waliniahidi nitasimamia tawi la Nakuru. Jebet, nilikuwa nafikiria maisha yetu."

"Siku uliponiambia nimwangalie Kui, ulijua ni wewe?"

Nico aliinamisha kichwa.

"Jibu."

"Nilijua."

Jebet alihisi kitu kikimwacha kifuani, kimya kimya, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Aliuliza swali ambalo lilikuwa likimwogopesha kuliko yote.

"Na mimi? Nilikuwa mpenzi wako ama nilikuwa mlango?"

"Mwanzo ulikuwa mlango," akasema. "Baadaye sikujua nitatokaje."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiboksi chekundu, akakiweka kati ya sahani. Pete ilikuwa nyembamba, nzuri, saizi ya kidole chake kabisa. "Nilikuja kukuuliza leo. Nitaifunga ile njia, nitaacha hiyo kazi. Usiripoti tu. Ukiripoti, leseni yako itaingia kwenye shida na mimi nitashtakiwa. Tuoane, haya yaishe."

"Kwa hivyo kunyamaza kwangu ndiyo mahari."

"Sikumaanisha hivyo."

"Ndivyo ulivyosema, Ogada."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Akachukua mkoba, akatembea hadi barabarani bila kugeuka, na alipofika kwenye kona akaegemea ukuta wa duka la viatu, jua la mchana likimpiga usoni.

Jumatatu aliripoti. Alieleza kila kitu, hata kwamba alimruhusu mtu mmoja kugusa mitambo yake bila kumwita mwingine aikague, kwa sababu alimpenda. Kisha akawapigia wateja wake mmoja mmoja. Wengine walimshukuru. Wengine walimtukana, akasikiliza mpaka mwisho.

Alisafiri hadi Keringet. Mwalimu Kimaiyo alimkaribisha chai, akamsikiliza.

"Posa haikuvunjika," mzee akasema. "Lakini vijana wawili walicheka siku ile, na wote niliwafundisha mimi. Hicho ndicho kinaniuma. Wewe nimekusamehe, mwanangu. Dawa nitanunua kwingine."

Kui, Jebet alimkuta Njoro, kwenye duka la dawa la mtu mwingine, amevaa koti jipya. Jebet aliomba msamaha mbele ya wateja, na akamwomba arudi.

"Ogada alikuambia mara moja tu, ukamwamini," Kui akasema. "Mimi nilikuwa nawe miaka yote hiyo. Nimekusikia, madam. Lakini sirudi." Hata hivyo alimsindikiza hadi stendi, wakiongea mambo ya bei ya sukari.

Uchunguzi ulipoanza, kampuni ilijaribu kumtupia Jebet lawama, ikidai ni yeye aliyewapa habari za wateja. Nico ndiye aliyeizima hadithi hiyo. Alikwenda mwenyewe kwa wachunguzi kabla hajaitwa, akasema ni yeye na ni nani aliyemtuma. Jebet alipewa onyo, akaachiwa leseni. Nico alipoteza kazi, akaenda kwa shangazi yake Kisumu kungoja kesi.

Alipiga simu asubuhi moja ya mvua, Jebet akipanga dawa za kikohozi kwenye rafu.

"Daktari."

"Nakusikia. Nimeambiwa ulichofanya. Asante."

"Si kitu cha kushukuru." Akapumua. "Bado unanichukia?"

"Ningekuwa nakuchukia ningelala vizuri."

Nico alicheka kidogo. "Jebet, naweza kuja? Sitaki kitu. Nikuone tu, hata kwa dakika chache, nirudi."

Jebet alikaa kwenye kile kiti cha wateja. Nje watu walikuwa wamejibanza chini ya paa lake wakikwepa mvua.

"Usije, Nico."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikikuona nitakurudisha. Halafu kila siku nitakuwa nikikuangalia unaposhika simu yangu."

Jebet alisikia kwamba Nico analia, kilio cha mwanaume anayeziba simu kwa kiganja. Alimsubiri amalize, kwa maana hakutaka kumkatia simu mtu anayelia. Kisha akaikata.